Memori Mfukoni

Kesi ilikuwa imeiva kabla haijapikwa. Mlalamikaji alikuwapo, shahidi alikuwapo, mtuhumiwa alikuwa mahabusu, na mali ya wizi ilikuwa imelala mezani kwa inspekta ndani ya mfuko wa nailoni, ikiwa imeandikwa kwa mwandiko mnene wa Koplo: KIELELEZO A, MEMORI MOJA. Mkubwa wa kituo alikwisha kupita mlangoni akiulizia faili, maana gari la mahakamani lilikuwa linaondoka mchana, na yeye hakupenda gari liende nusu tupu.

Inspekta hakumjibu la maana. Kituoni walimwita Bi Taratibu, na si kwa kumsifu. Maelezo ya watu aliyasoma kama anayechambua mchele, punje kwa punje, chuya anaweka kando. Asubuhi ile chuya zilikuwa zimemjaa mkononi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mitaa michache kutoka kituoni palikuwa na karakana ya miguu na mikono ya bandia. Mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara bila kusimama kitini, na mji mzima ulimjua kwa jina la Mama Miguu. Mezani kwake ilikaa kompyuta ndogo, sanduku la ukubwa wa kitabu kinene, na ndani yake mlikuwa na vipimo vya kila mtu aliyewahi kupimwa pale: magoti, mapaja, viwiko, kila kimoja na picha yake. Ijumaa aliita fundi aje kuisafisha na kuiongezea nguvu, kwa sababu ilikuwa inatambaa. Jumatatu, kwa maelezo yake, aliiwasha ikamtolea skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa maandishi meupe. Vipimo havipo. Alipoulizwa kuhusu nakala, alijibu kwamba nakala zote zipo, zimo humo humo.

Mshonaji wa karakana, Mama Uzi, ndiye aliyemaliza kazi. Yeye aliapa kwamba Ijumaa ile alimsikia fundi akisema kwenye simu, "Memori ninayo mfukoni, nakuletea Jumatatu." Jumatatu hiyo hiyo polisi walimpekua fundi, na kweli memori wakaikuta mfukoni.

"Mlete," alisema Bi Taratibu.

Koplo alitoka kwa mwendo wake. Alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, ingawa mwili wake ulikwisha kustaafu kitambo. Alirudi na mwanamume mwembamba mwenye shati lililokunjamana kwa kulaliwa sakafuni. Watu walimwita Fundi Pumzi, kwa sababu hakuna kitu alichowahi kukifungua bila kukipuliza kwanza. Hata sasa, kabla ya kuweka mikono yake yenye pingu mezani, alipuliza vumbi la meza.

Bi Taratibu alisukuma mfuko wa nailoni mbele yake. "Hiki ni nini?"

"Memori."

Koplo alikohoa kwa furaha pale mlangoni.

"Unakubali kwamba uliitoa kwenye kompyuta ya karakana?"

"Nakubali. Nimeitoa kwa mikono yangu hii."

"Afande, niandike?" aliuliza Koplo.

"Subiri. Fundi, kwa nini uliitoa?"

"Kwa sababu ilikuwa ndogo, mama. Nikaweka kubwa. Hii ya zamani duka la vipuri wanaipokea, na Mama Miguu mwenyewe alisema nipeleke."

"Na vipimo vya watu viko humu ndani?"

Fundi Pumzi alimtazama inspekta, akamtazama Koplo, akarudi kwa inspekta. Halafu akacheka, kicheko kilichokaribia kugeuka kilio.

"Ndiyo maana! Jamani, ndiyo maana nimelala chini!" Alivuta pumzi. "Mama, hapa una meza, na pale una kabati. Ukifanya kazi unatoa faili kabatini, unalitandaza mezani. Jioni meza inafagiwa, si ndiyo? Sasa memori ni meza. Ukizima umeme, haikumbuki hata jina lake. Kabati ndiyo diski. Vipimo vya watu viko kwenye diski, na diski mimi sikuitoa. Niliipuliza tu."

"Lakini kadi ya simu nayo ni memori," alisema Koplo kwa kujitetea. "Na ile ya kuwekea nyimbo ni memori. Kijana wangu akisahau anachotumwa, namwambia huna memori."

"Ndiyo, mzee. Kila kitu mmekiita memori, halafu mnakuja kunifunga mimi."

Bi Taratibu aliinua mfuko akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Kibao chembamba cha kijani, urefu wa kidole, na safu ya meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja. "Nani aliyekwambia hii ndiyo iliyoibiwa?" alimuuliza Koplo.

"Mlalamikaji alisema memori imeibiwa. Shahidi akasema memori. Mtuhumiwa akasema memori. Watu watatu, neno moja, afande. Mimi ni nani nibishe?"

"Na ile namba aliyoipigia Ijumaa?"

Koplo alijikuna shingo. "Nilipiga. Aliyepokea ana duka la vipuri. Akaniuliza kama bado namletea ile memori. Nikajua nimempata mpokea mali ya wizi."

"Sanduku lenyewe mlilifungua?"

"Afande, lile lina skrubu."

Bi Taratibu aliweka mfuko chini polepole. Fundi alijisogeza mbele kwenye kiti.

"Mama, nisikilize. Kazi yangu ni kufungua vitu vya watu, mara nyingi wenyewe hawapo. Ofisi wananiachia, nyumba wananiachia. Nikipandishwa lile gari leo, hata nikiachiwa kesho, nani atanifungulia mlango? Jana mke wangu ameulizwa sokoni, mumeo ameanza lini?"

"Nimekusikia. Sasa tunakwenda karakana, na sanduku utalifungua mbele yangu. Diski ikiwa haimo, wewe ni mwizi na umenidanganya vizuri sana. Ikiwa imo, kuna mtu mwingine wa kuulizwa."

Mkubwa wa kituo aliwaona wakitoka. "Taratibu tena?" alisema.

"Mwenda pole hajikwai, mkubwa."

"Gari halingoji wapole," alijibu.

* * *

Nje ya karakana benchi lilikuwa limejaa watu wanaongoja miguu yao, magongo yameegemezwa ukutani. Walinyamaza gari liliposimama. Ni hapo hapo, jana yake, Mama Miguu alipomkuta fundi akipita na kumwita mwizi kwa ile sauti yake, mpaka mwanamke wa duka la fotokopi upande wa pili akatoka mlangoni kusikiliza. Fundi alipita akiangalia viatu vyake. "Ndiye huyo," mtu mmoja alinong'ona.

Ndani kulinuka gundi na ngozi mpya. Miguu ya chokaa nyeupe ilining'inia darini, mirefu kwa mifupi, na Koplo aliinama kila hatua kana kwamba mmoja ungempiga teke.

"Mnamleta wa nini huku?" alisema Mama Miguu. "Aje kuchukua kilichobaki?"

"Kwanza nataka kuzungumza na shahidi," alisema Bi Taratibu.

Mama Uzi alikuwa kwenye kona yake, mbele ya cherehani kubwa ya kushonea mikanda ya ngozi. Alikuwa mwanamke wa miwani na maneno machache, na yale machache aliyasema kwa kiapo.

"Nilisikia kwa masikio yangu. Memori ninayo mfukoni, nakuletea Jumatatu."

"Kabla ya hapo alisema nini?"

"Kabla ya hapo nilikuwa nashona."

"Endesha kidogo nisikie."

Mama Uzi alikanyaga. Cherehani ilinguruma, meza ikatikisika, na mguu mmoja ukaanza kuzunguka darini. Bi Taratibu alifungua kinywa, akasema kitu, akafunga.

"Nimesema nini?" aliuliza cherehani iliponyamaza.

"Sijasikia. Kwa cherehani hii hata radi sisikii."

"Kwa hiyo Ijumaa ulisimama?"

"Nilisimama kukata uzi."

"Hapo ndipo ukasikia. Basi umesikia mkia wa maneno, Mama Uzi. Kichwa kimepita na cherehani."

Kutoka alikosimama, Fundi akasema, "Nilimwambia mwenye duka, mpya nimeshaifunga, inafanya kazi, ya zamani ninayo mfukoni."

Mama Uzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi sikutia chumvi," alisema taratibu. "Nilisema nilichosikia."

"Najua. Hukudanganya hata neno."

Mama Miguu aliona upepo unageuka, akaingia kwa nguvu zote. "Afande, usichezewe! Kuna karakana ile ya upande wa pili wa mji, tangu mwaka jana wananichukulia wateja. Hao ndio waliomtuma. Wanataka vipimo vyangu." Huku akisema, mikono yake haikukoma kazi. Alivuta kipande cha plasta kutoka kwenye roli lililokuwa mezani, ile plasta nyeupe ya kubandikia jeraha, akabandika utepe wa kupimia kwenye paja la chokaa, kisha akakunja ncha ya plasta iliyobaki kwenye roli, kikunjo kidogo kama sikio.

Bi Taratibu alitazama meza. Kulikuwa na maroli mengine ya plasta, na kila moja lilikuwa na sikio lake.

"Mteja akihamia kwao," aliuliza, "watashindwa kumpima wenyewe?"

"Hawashindwi, lakini..."

"Na mguu uliopimwa kwa mtu mmoja unamfaa mwingine?"

"Haumfai. Hata pacha wake haumfai."

"Basi watu hao waibe vipimo vya nini?"

Habari ya karakana ya upande wa pili ikafia hapo.

"Mbona unakunja ncha?" aliuliza Bi Taratibu, akigusa roli.

"Plasta ikijilalia utaitafuta kwa kucha mpaka jioni. Marehemu mama ndiye aliyenifundisha. Ukianza kipande kingine, unashika sikio, unavuta."

"Kwa hiyo kila kipande unachovuta kina sikio."

"Kila kimoja. Wafanyakazi wananicheka, hakuna mwingine anayejisumbua." Mama Miguu alitabasamu kidogo, maana mtu hupenda kuulizwa ya kwao.

"Koplo, mfungue pingu," alisema Bi Taratibu.

* * *

Kompyuta ililetwa kwenye meza ya katikati. Fundi alisugua vifundo vya mikono, kisha akashika mguu wa chuma wa meza na kutulia.

"Unaomba dua?" aliuliza Koplo.

"Najitoa umeme, mzee. Mwili una umeme wake, na vidude hivi havipendi." Alichukua bisibisi, akainama nyuma ya sanduku, akasimama ghafla. "Mama, kabla sijafungua, angalia skrubu hii."

"Naona rangi nyekundu."

"Ni rangi ya kucha ya mke wangu. Kila sanduku nikilifunga natia tone moja, nusu kwenye skrubu, nusu kwenye bati. Mteja namwambia, mtu akifungua baada yangu, gharantii imekufa. Sasa tazama tone."

Bi Taratibu alitazama. Tone lilikuwa limepasuka katikati. Nusu ya kwenye bati ilikuwa juu, na nusu ya kwenye skrubu ilikuwa imezunguka ikaelekea pembeni.

"Kwa hiyo skrubu imefunguliwa baada ya Ijumaa," alisema.

"Alirudi mwenyewe!" alisema Mama Miguu. "Alirudi Jumamosi au Jumapili kumalizia!"

"Ufunguo wa karakana anao nani?"

"Mimi."

"Na mwingine?"

"Hakuna mwingine. Peke yangu!" alisema kwa fahari, na fahari ilikuwa bado usoni pake maneno yenyewe yalipomrudia.

Fundi alifungua skrubu, akasukuma kifuniko nyuma, kikateleza na kutoka. Akavuta pumzi ndefu.

"Usipulize!" alisema Bi Taratibu.

Fundi alibaki na mashavu yamejaa, akaimeza pumzi yake. Mama Uzi alicheka, wa kwanza kucheka siku ile.

"Vumbi nalo ni shahidi," alisema Bi Taratibu. "Diski iko wapi?"

"Hii hapa, nyumbani kwake." Fundi aligonga kwa ukucha kisanduku bapa kilicholala kwenye kitanda chake cha bati. Waya wake ulikuwa mahali pake. Aliuvuta kidogo, ukakataa kutoka. "Haijatoka humu hata siku moja."

"Kwa hiyo memori haikuibiwa?" aliuliza Mama Uzi.

"Diski!" walisema Fundi na Koplo kwa pamoja, na Koplo akajisikia msomi.

Mama Miguu alikaa kitini taratibu. Bi Taratibu alimwona akikaa, ila hakumgeukia.

"Kama imo, kwa nini kompyuta haiioni?"

"Hapo sijui, mama. Kusema kweli sijui." Fundi aliinua kitanda cha bati, akachungulia chini yake, na nyusi zikapanda. Chini, kwenye nafasi aliyoiacha wazi Ijumaa, palikuwa na kibao cheusi chembamba, kimechomekwa upande mmoja. Upande wa pili, pale panapotakiwa skrubu, kilikuwa kimebandikwa kwa plasta.

"Hii si yangu."

"Ni nini?"

"Diski nyingine. Hizi za kisasa, hazina waya. Lakini nani anafunga diski kwa plasta? Skrubu zake mimi ninazo kopo zima!"

Bi Taratibu aliomba koleo dogo. Alishika ukingo wa plasta, akauinua kidogo tu, na kona yake ikajitokeza. Ilikuwa imekunjwa, kikunjo kidogo kama sikio. Aliweka koleo chini, akachukua roli kutoka mezani kwa Mama Miguu na kuliweka kando ya sanduku.

Koplo aliangalia roli, akaangalia sanduku, kisha akamwangalia Mama Miguu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, si kwa sauti kubwa.

"Mama Uzi," alisema Bi Taratibu, "nakuomba uendelee kushona."

Mama Uzi alielewa. Cherehani ilinguruma, na chini ya kelele ile hata benchi la nje lisingesikia neno. Bi Taratibu alivuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya Mama Miguu.

"Diski hii umeipata kwa nani?"

"Mkwe wangu." Sauti ya kuvuka barabara ilikuwa imekwisha. "Yuko ng'ambo. Alisema, mama, fundi amekuwekea memori, mimi nakuongezea memori nyingine, kuiweka ni kazi ndogo, nimekutumia na video. Ikafika Jumamosi. Fundi alikuwa ameniambia nisifungue. Nikaona, kuongeza tu! Afande, kuongeza nako ni kosa? Ukiongeza kiti chumbani, kitanda kinapotea?"

"Skrini ikawa nyeusi lini?"

"Jumatatu."

Bi Taratibu alielekeza kidole kwenye roli la plasta.

"Jumamosi," alisema Mama Miguu. "Pale pale nilipowasha. Nikatoka jasho. Nikaogopa kubandua, nikaona nitavunja zaidi. Nimekwenda nyumbani nikijua nimepoteza miguu ya watu wote hawa. Sikulala. Jumatatu Mama Uzi akanieleza aliyoyasikia." Alifunika uso kwa viganja. "Afande, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kusikia kuna mwizi."

Cherehani ilifika mwisho wa mkanda, ikanyamaza. Fundi alikuwa amesimama karibu nao, bisibisi mkononi, na ilionekana wazi kwamba alisikia yote. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na alikuwa na haki nayo. Alipofungua kinywa, hata hivyo, alizungumza na kompyuta.

"Hizi nafasi mbili zinatumia njia moja," alisema. "Ya waya na isiyo ya waya. Kwenye visanduku vidogo kama hiki wanabana kila kitu. Ukiijaza hii, ile inalala. Haifi. Inalala tu." Akaigeuza bisibisi mkononi. "Nilimkataza kufungua. Sikumwambia kwa nini. Ningesema neno moja tu zaidi, Ijumaa ile..."

"Asiyesikia la mkuu..." alianza Koplo, akatupa jicho kwenye miguu iliyoning'inia kila upande, akaona methali yenyewe inaishia pabaya, akanyamaza.

"Itoe," alisema Bi Taratibu.

Fundi alibandua plasta, akachomoa kibao cheusi, akakiweka mezani. Alirudisha kitanda cha bati, akaunganisha umeme, akabonyeza. Kitaa kiliwaka. Halafu sanduku likalia: pii, pii, pii.

"Imekufa!" alipiga kelele Mama Miguu.

"Haijafa, inalia. Ingekufa ingenyamaza." Fundi aliinamisha sikio. Ikalia tena. "Inalalamikia memori."

Wengine wote wanne wakageuza macho kwenye mfuko wa nailoni aliokuwa ameushika Koplo.

"Siyo hiyo!" alisema Fundi. "Hii mpya! Mkono ulioingiza diski uliilegeza, wangu ulioitoa ukamalizia." Alizima, akatia vidole gumba viwili ndani ya sanduku, akakandamiza. Kukasikika mlio mdogo, kisha mwingine. Akamtazama inspekta.

"Sasa puliza," alisema Bi Taratibu.

Alipuliza kwa roho yake yote. Akabonyeza. Kitaa kikawaka, feni ikazunguka kwa mlio laini, na skrini ikafunguka, nyeupe, halafu buluu, halafu picha ya wajukuu wa Mama Miguu wamejipanga. Fundi alifungua faili la kwanza lililokuja mkononi. Goti la mtu likatokea kwenye skrini, likageuka polepole huku na huku na vipimo vyake pembeni. Akafungua la pili, na la tatu. Yote yalikuwapo.

Mama Miguu alilia wazi wazi, bila kujificha, na Mama Uzi akaja kumshika bega.

"Kusema uongo kwa polisi ni kosa," Bi Taratibu alimwambia Mama Miguu. "Kesho utakuja kituoni kuandika maelezo upya, na safari hii utaandika Jumamosi. Yatakayofuata tutayaona. Leo kazi yangu ni kumwachia mtu. Koplo, piga simu kwa mkubwa. Mwambie gari liende nusu tupu."

Koplo alipiga. Iliyosikika upande wa pili haikuwa pongezi, lakini alikata simu akitabasamu, kisha akachana ile karatasi ya KIELELEZO A na kumkabidhi Fundi memori yake.

Mama Miguu alisimama, akamwendea Fundi. "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe."

Fundi alikuwa anarudisha skrubu ya mwisho. Aliimalizia kabla ya kujibu.

"Nimekusamehe, mama. Lakini si hapa."

"Si hapa vipi?"

"Mwizi hukuniita humu ndani. Uliniitia kule nje, benchi limejaa."

Koplo alimtazama inspekta. Inspekta alikuwa anafunga kalamu yake, na kumbe kalamu ile ilikuwa na shughuli nyingi za kufungwa. Mama Miguu alifuta uso kwa ncha ya koti lake la kazi. Alikuwa mwanamke mwenye makosa yake, lakini hakuwa mwoga mara mbili. Akaufungua mlango, akatoka mpaka kwenye ngazi.

"Jamani!" Sauti ilikuwa imerudi yote. Magongo yaligongana ukutani, na upande wa pili mwanamke wa fotokopi akatoa kichwa. "Nisikilizeni! Jana hapa nilimwita huyu mwizi. Hajaiba! Vipimo vyenu vyote vipo, na yeye ndiye aliyevirudisha. Aliyeharibu ni mimi. Alinikataza nisifungue nikafungua, nikaweka dude, nikalibandika kwa plasta!"

Mzee mmoja mwenye gongo akauliza, "Kwa plasta?"

"Kwa plasta!"

Mzee alianza kucheka, benchi likamfuata, na Mama Miguu akacheka naye huku machozi hayajakauka. Mtu mmoja alisema, "Pole, fundi," mwingine akarudia, na mwanamke aliyekuwa amenong'ona asubuhi alinyoosha mkono amsalimie. Fundi aliupokea. Alikuwa amesimama kwenye ngazi kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua, hajui aanzie wapi kutembea.

Mwanamke wa fotokopi alivuka barabara, mikono kiunoni, akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye fundi wa kompyuta?"

"Ndiyo, dada."

"Yangu ikipata joto inajizima yenyewe. Wateja wananiachia karatasi nusu."

"Vumbi hilo. Feni itakuwa imeziba. Nikija kesho asubuhi itafaa?"

"Kesho asubuhi mimi sipo, nampeleka mama kliniki." Alitoa mkufu wa funguo, akahangaika na pete yake mpaka akachomoa mmoja. "Chukua. Mlango ni mgumu kidogo, sukuma na bega. Ukimaliza, funga."

Fundi alitazama ufunguo, akamtazama mwanamke. Bi Taratibu aliyekuwa anashuka ngazi alisimama, na Koplo nyuma yake akasimama.

Fundi alinyoosha mikono yote miwili, akaupokea.